Kuifikia Kompyuta ya Nyumbani Ukiwa Mbali: Mwongozo Kamili wa Eneokazi la Mbali, Ruta na Faiwoli

Tangu toleo la XP Professional la mwaka 2001, Windows imemwezesha mtu, kwa huduma iitwayo eneokazi la mbali (Remote Desktop), kuketi mbele ya laptopu akiwa mbali na nyumbani na kuiona kompyuta yake kwenye skrini hiyo, pamoja na mafaili na programu zake zote kama alivyoziacha. Sehemu inayohusu Windows yenyewe huwashwa kwa kubofya mara mbili tatu. Kinachowashinda wengi ni njia iliyo kati ya kompyuta hizo mbili: faiwoli ya kompyuta (programu inayochuja mawasiliano yanayoingia na kutoka), ruta ya nyumbani, anwani inayobadilika bila taarifa, na wakati mwingine ruta nyingine ya mtoa huduma wa intaneti ambayo mwenye nyumba hakujua kwamba ipo.

Mwongozo huu unaanzia ndani na kutoka nje hatua kwa hatua, wala hauvuki tabaka lolote kabla ya kulijaribu na kuthibitisha kwamba linapitisha mawasiliano. Anayebadilisha vitu vitano kwa mpigo kisha akajaribu mara moja atajibiwa kwamba muunganisho umeshindikana, na hatajua ni kipi kati ya hivyo vitano kilichokwama. Jambo la pili nalisema mapema kwa sababu linapingana na maelekezo mengi yanayosambaa: tundu tutakalotoboa kwenye ruta si la eneokazi la mbali, bali ni la VPN, yaani njia iliyosimbwa inayoziunganisha kompyuta kupitia intaneti kana kwamba ziko kwenye mtandao mmoja. Sababu zake zitakuja mahali pake.

Kompyuta itakayofikiwa

Angalia kwanza toleo la Windows ulilonalo. Windows 10 na 11 za Pro, Enterprise na Education zinaweza kufikiwa kwa eneokazi la mbali. Toleo la Home haliwezi, ingawa linafaa kabisa upande wa pili, yaani kwenye laptopu utakayosafiri nayo. Mwenye Home anaweza kulipandisha daraja toleo lake au kutumia programu ya jamii ya VNC, nayo pia ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti 5900 (poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano). Hatua za ruta na VPN zitabaki zilezile, na kitakachobadilika ni namba ya poti tu. Ikiwa bado unatumia Windows 10, zingatia kwamba Microsoft ilifikisha mwisho usaidizi wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta isiyopokea masasisho ya usalama haistahili kuwekewa njia yoyote ya kuingilia kutoka nje.

Fungua mipangilio ya Windows, nenda sehemu ya "System", kisha "Remote Desktop", na uwashe huduma hiyo. Utakuta pia chaguo la "Network Level Authentication", ambalo huwa limewashwa tayari, liache hivyo. Chaguo hilo humlazimisha anayebisha hodi kuthibitisha jina na nenosiri lake kabla kompyuta haijamwandalia kikao na kumwonyesha skrini ya kuingilia, kwa hiyo mtu asiye na ruhusa huishia nje na hapati nafasi ya kuchezea mfumo kutoka kwenye skrini hiyo.

Akaunti ndipo penye usumbufu mwingi kuliko watu wanavyodhani. Wasimamizi wa kompyuta wanaruhusiwa moja kwa moja, lakini watumiaji wa kawaida huongezwa mmoja mmoja kwenye orodha iliyo katika ukurasa uleule. Akaunti isiyo na nenosiri hukataliwa, kwani Windows haikubali nenosiri tupu kwa anayeingia kupitia mtandao. PIN uliyozoea kuibonyeza asubuhi nayo haitakusaidia, kwa sababu hiyo hufanya kazi kwenye kompyuta ilipotengenezwa tu. Eneokazi la mbali linahitaji nenosiri halisi la akaunti. Wanaotumia akaunti ya Microsoft hukwama hapa mara nyingi: nenosiri ni sahihi, lakini kwa kuwa halijawahi kutumiwa kwenye kompyuta ile, kompyuta haina kumbukumbu yake ya kulilinganisha. Ingia mara moja kwa nenosiri ukiwa umeketi mbele ya kompyuta yenyewe, na kikwazo hicho kitaondoka. Mimi napendelea kutengeneza akaunti ya kawaida ya ndani, isiyo ya msimamizi, kwa ajili ya kuingilia kutoka mbali pekee, yenye nenosiri refu la maneno manne au matano yasiyohusiana. Ikitokea nenosiri hilo limeibiwa, mwizi hatakuwa na mamlaka ya msimamizi.

Kompyuta iliyolala haiitikii mtu. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na uandike amri hii, ambayo huizuia kompyuta kulala ikiwa imechomekwa kwenye umeme:

powercfg /change standby-timeout-ac 0

Skrini unaweza kuiacha izime yenyewe.

Anwani ya ndani isiyohama

Ruta huvigawia vifaa vya nyumbani anwani kwa utaratibu wa DHCP, na anwani hizo hukodishwa kwa muda tu. Kompyuta iliyokuwa 192.168.1.50 leo inaweza kuamka kesho ikiwa 192.168.1.57, na maelekezo uliyoipa ruta yakawa yanapeleka pakiti, yaani vipande vya data, kwenye televisheni. Dawa yake ni kuiagiza ruta iihifadhie kompyuta yako anwani moja.

Andika ipconfig /all kwenye dirisha la amri na unakili mambo matatu: anwani ya IPv4 ya kompyuta, anwani ya ruta, ambayo imeandikwa kama "Default Gateway", na anwani ya kifaa, yaani "Physical Address", yenye jozi sita za tarakimu na herufi. Kadi ya waya na kadi ya Wi-Fi zina anwani tofauti za kifaa, hivyo nakili ile ya kadi unayoitumia. Kama ni Wi-Fi, zima kwanza chaguo la kubadilisha anwani ya kifaa kiholela, la sivyo ruta itaiona kompyuta ileile kama mgeni mpya. Waya ni bora kuliko Wi-Fi kwa kompyuta ambayo hutakuwa karibu nayo kuirekebisha.

Andika anwani ya ruta kwenye kivinjari, ingia kwa nenosiri la msimamizi wa ruta, na utafute sehemu ya DHCP. Chaguo lenyewe huitwa "Address Reservation", "Static Lease" au jina linalokaribiana na hayo. Unganisha anwani ya kifaa na anwani ya IP uliyoichagua, hifadhi, kisha washa upya kompyuta na uhakikishe kwa ipconfig kwamba imepewa anwani hiyo. Kwa kuwa umeshaingia, tumia fursa hiyo kufanya mambo mengine manne: badilisha nenosiri la ruta ikiwa bado ni lile la kiwandani, sasisha programu ya ruta, zima usimamizi wa ruta kutoka nje, na uzime UPnP, ambayo huruhusu programu yoyote ndani ya nyumba, hata iliyo hasidi, kujifungulia poti bila kukuuliza.

Jaribio la kwanza, bila kutoka nje

Ukiwasha eneokazi la mbali kupitia mipangilio, Windows yenyewe huziwezesha kanuni za faiwoli zinazohusika. Kama kompyuta ina faiwoli ya programu nyingine ya ulinzi, ruhusa hiyo huenda ukalazimika kuitoa humo mwenyewe. Poti ya eneokazi la mbali ni 3389. Muunganisho hufunguliwa kwa itifaki ya kusafirisha data iitwayo TCP, na nyingine iitwayo UDP huongezwa kwa ajili ya picha na sauti pale inapowezekana.

Kwenye laptopu iliyo katika mtandao uleule wa nyumbani, fungua PowerShell na uandike:

Test-NetConnection -ComputerName 192.168.1.50 -Port 3389

Mstari wa mwisho ukisema TcpTestSucceeded : True, poti iko wazi. Fungua programu ya kuunganisha kwa kuandika mstsc kwenye kisanduku cha utafutaji, weka anwani, kisha jina na nenosiri. Mara ya kwanza utaonywa kwamba cheti cha kompyuta hakitambuliki. Hilo ni la kawaida, kwa kuwa kompyuta imejitengenezea cheti chake yenyewe. Usishangae pia aliyeketi mbele ya kompyuta ile akiona skrini yake imejifunga, kwani Windows ya kawaida huruhusu mtu mmoja tu aitumie kwa wakati mmoja.

Jaribio likijibu False, usiguse ruta. Tatizo liko ndani ya kompyuta: huduma haijawashwa, au faiwoli inazuia, au mtandao wa nyumbani umeorodheshwa kuwa wa umma ilhali kanuni zako zinahusu mtandao binafsi pekee. Maliza hapa kwanza. Nimewaona watu wakitumia siku nzima kwenye kurasa za ruta wakitafuta kosa lililokuwa kwenye kisanduku kimoja cha Windows.

Je, nyumba yako ina anwani ya umma?

Swali hili hurukwa na miongozo mingi, nalo ndilo linaloamua kama kuelekeza poti, yaani kuiagiza ruta ipeleke kinachokuja kwenye poti fulani kwa kompyuta fulani ya ndani, kutafanya kazi au la. Kwenye ukurasa wa hali ya ruta, tafuta anwani ya upande wa nje, yaani ya WAN. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP na uzilinganishe. Zikilingana, ruta yako inaonekana moja kwa moja kutoka intaneti na unaweza kuendelea.

Zikitofautiana, kuna ruta nyingine mbele ya yako. Ikiwa anwani ya WAN inaanza na 192.168, au na 10, au iko kati ya 172.16 na 172.31, hiyo ni anwani binafsi. Huenda modemu uliyopewa na mtoa huduma nayo ni ruta, kwa hiyo una ruta mbili zilizofuatana. Iweke modemu katika hali ya daraja ("Bridge Mode"), ili iache kufanya kazi ya ruta, au elekeza poti mara mbili, kwanza kutoka modemu kwenda ruta, kisha kutoka ruta kwenda kompyuta.

Anwani ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, ruta ya mbele iko kwa mtoa huduma na wewe huna mamlaka nayo. Kundi hilo la anwani lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa watoa huduma wanaowaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Chanzo chake ni uhaba: anwani zote za IPv4 hazifiki bilioni 4.3, na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawanywa Februari 2011. Mteja aliye katika hali hii hata akielekeza poti mia kwenye ruta yake, hakuna pakiti itakayofika. Anaweza kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, ambayo mara nyingi hulipiwa. Njia nyingine ni huduma kama Tailscale au ZeroTier, ambazo huanzisha muunganisho kutoka ndani kwenda nje pande zote mbili na kuzikutanisha kompyuta bila kuhitaji poti yoyote iliyofunguliwa kwenye ruta. Kwa mtu wa aina hiyo, napendekeza asakinishe mojawapo kwenye kompyuta zote mbili, aunganishe eneokazi la mbali kwa anwani atakayopewa na huduma hiyo, na aende moja kwa moja kwenye sehemu ya kubana faiwoli hapa chini.

Kwa nini tusielekeze poti 3389

Njia fupi ingekuwa kuiambia ruta kwamba kila kinachokuja kwenye poti 3389 kipelekwe kwenye kompyuta. Ingefanya kazi, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa kuwa ingemfanyia kazi kila mtu duniani. Kuna programu zinazopita kwenye anwani zote za IPv4 mchana na usiku zikibisha kwenye poti zinazojulikana. Zikijibiwa na eneokazi la mbali, huanza kubahatisha majina na manenosiri bila kuchoka. Kubadilisha namba ya nje kuwa, tuseme, 50389 hupunguza kelele tu. Anayekagua poti zote ataipata, na huduma itajitambulisha yenyewe mara atakapoisemesha.

Nenosiri zuri nalo halitoshi, kwa sababu baadhi ya kasoro humwezesha mshambuliaji kuingia bila nenosiri lolote. Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro CVE-2019-0708, iliyokuja kujulikana kama BlueKeep, katika huduma ya eneokazi la mbali ya Windows 7 na matoleo ya kabla yake. Mshambuliaji hakuhitaji akaunti wala kusubiri mtu abofye chochote. Alihitaji kuifikia poti tu. Uzito wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Microsoft ilitoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo usaidizi wake ulikuwa umekoma tangu Aprili 2014. Windows 10 haikuguswa na kasoro hiyo, lakini hakuna ajuaye kasoro ijayo itagusa toleo gani.

VPN hubadilisha hali hiyo. Tutatumia WireGuard, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux na pia ina programu za Windows, macOS, Android na iOS. Sifa yake inayotufaa zaidi ni ukimya: pakiti isiyotoka kwa mwenye ufunguo uliosajiliwa haijibiwi kabisa. Kwa anayekagua kutoka nje, poti yake haitofautiani na ukuta mtupu. Hakuna nenosiri la kubahatisha, kwa kuwa utambulisho ni wa funguo za siri.

Kujenga handaki

Ikiwa ruta yako ina seva ya VPN ndani yake, ya WireGuard au OpenVPN, iwashe humo. Ina faida kwamba unaweza kuufikia mtandao wa nyumbani hata kompyuta ikiwa imezimwa. Nitaeleza njia inayofaa kwa ruta yoyote, yaani kuisakinisha WireGuard kwenye kompyuta yenyewe.

Sakinisha programu kutoka tovuti rasmi ya WireGuard kwenye kompyuta zote mbili. Kwenye kila moja chagua kuongeza handaki tupu (handaki ndio muunganisho wenyewe wa VPN), na programu itatengeneza jozi ya funguo: wa siri, ambao hautoki kwenye kompyuta hiyo kamwe, na wa umma, ambao utaupeleka upande wa pili. Chagua anwani za handaki ambazo hazifanani na za mtandao wa nyumbani. Hapa natumia 10.73.0.1 kwa kompyuta ya nyumbani na 10.73.0.2 kwa laptopu. Kwenye kompyuta ya nyumbani andika:

[Interface]
PrivateKey = ufunguo wa siri wa nyumbani
Address = 10.73.0.1/24
ListenPort = 51820

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa umma wa laptopu
AllowedIPs = 10.73.0.2/32

Na kwenye laptopu:

[Interface]
PrivateKey = ufunguo wa siri wa laptopu
Address = 10.73.0.2/24

[Peer]
PublicKey = ufunguo wa umma wa nyumbani
Endpoint = 192.168.1.50:51820
AllowedIPs = 10.73.0.1/32
PersistentKeepalive = 25

Mstari wa AllowedIPs unahitaji uangalifu. Kwenye laptopu unasema ni anwani zipi zipitie handakini. Tumeiweka ile moja ya nyumbani tu, kwa hiyo shughuli nyingine za laptopu zitaendelea kupita kwenye intaneti ya mahali ulipo. Ukiandika 0.0.0.0/0, kila kitu kitazungukia nyumbani kwanza, na kasi yako ya kupakua itashushwa hadi kasi ya kupakia ya nyumbani, ambayo aghalabu ni ndogo. Mwenye VPN ndani ya ruta ana mtego mwingine: akiwa hotelini kwenye mtandao unaotumia 192.168.1.x sawa na nyumbani kwake, laptopu haitajua 192.168.1.50 ni ya upande upi. Hepa mgongano huo kwa kuuhamishia mtandao wa nyumbani kwenye namba zisizo za kawaida, kwa mfano 192.168.73.x, ila ufanye hivyo kabla ya kuhifadhi anwani za vifaa.

Kwa muda huu Endpoint, yaani anwani ambako laptopu huitafuta kompyuta ya nyumbani, inaelekea kwenye anwani ya ndani, nayo ni makusudi. Andika wf.msc ili kufungua faiwoli ya Windows kwenye kompyuta ya nyumbani, tengeneza kanuni mpya ya kuingia inayoruhusu UDP kwenye poti 51820, kisha washa handaki pande zote mbili. Kwenye dirisha la WireGuard utaona muda wa kupeana mikono kwa mwisho ("Latest handshake"), yaani pande mbili zilipotambuana, pamoja na kiasi cha data iliyotumwa na iliyopokelewa. Kupeana mikono kukionekana, jaribu mstsc kwa anwani 10.73.0.1. Ikiwa data iliyotumwa inaongezeka huku iliyopokelewa ikibaki sifuri, pakiti hazifiki au ufunguo wa umma umenakiliwa vibaya upande mmoja. Kosa la pili ndilo huwa chanzo mara nyingi, kwa kuwa watu huzibadilishana funguo.

Tundu moja kwenye ruta

Sasa rudi kwenye ukurasa wa ruta na utafute "Port Forwarding" au "Virtual Server". Weka poti ya nje 51820, itifaki UDP, anwani ya ndani 192.168.1.50 na poti ya ndani 51820, kisha hifadhi. Usichague TCP, wala usiongeze 3389 "kwa dharura". Na ukikutana na chaguo la DMZ linaloahidi kurahisisha mambo, liache, kwani huipeleka kwenye kompyuta yako kila pakiti isiyo na mwenyewe.

Nyumba yenye IPv6, mfumo wa anwani mpya kuliko IPv4, ina utaratibu tofauti kidogo. Huko kompyuta inaweza kuwa na anwani yake ya umma, na hakuna cha kuelekeza. Unachofanya ni kuiruhusu poti hiyohiyo ya UDP ipite kwenye faiwoli ya IPv6 ya ruta kwenda kwenye anwani ya kompyuta.

Jina badala ya namba

Anwani ya umma ya nyumbani hubadilika ruta inapowashwa upya, au mtoa huduma anapoamua. DNS ni mfumo unaogeuza majina kuwa anwani, na DNS inayojisasisha hukupa jina lisilobadilika linaloifuata anwani popote inapohamia. Ruta nyingi zina sehemu ya "Dynamic DNS" ambapo huingizwa jina na nenosiri la huduma uliyojiandikisha. Kama yako haina, programu ndogo kwenye kompyuta hufanya kazi hiyohiyo. Subiri jina lilete anwani sahihi kwa amri ya nslookup, kisha kwenye laptopu badilisha Endpoint iwe jina hilo likifuatiwa na :51820. WireGuard hulitafsiri jina wakati handaki linapowashwa, kwa hiyo anwani ikibadilika katikati ya kazi, lizime na uliwashe tena.

Jaribio la nje, kutoka nje kweli

Usijaribu kuunganisha kwa jina hilo ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Ruta nyingi haziwezi kupokea kutoka ndani pakiti inayokwenda kwenye anwani yao wenyewe ya nje na kuirudisha ndani. Mara yangu ya kwanza nilipoteza jioni nzima kwa sababu hiyo, nikifuta na kuandika upya mipangilio ambayo ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Zima Wi-Fi ya laptopu, iunganishe na data ya simu, kisha washa handaki. Amri ya Test-NetConnection haiwezi kuipima poti ya UDP, na tovuti za kukagua poti zitakwambia kwamba imefungwa kwa sababu WireGuard haiwajibu wasiojulikana. Kipimo pekee ni kupeana mikono.

Mikono ikikutana lakini eneokazi likakataa, tatizo si la ruta tena. Windows inaweza kuuhesabu mtandao wa handaki kuwa wa umma, na kanuni za eneokazi la mbali zikiwa zimefungiwa mtandao binafsi, zitazuia. Eneokazi likifunguka kisha likaganda au likabaki jeusi, punguza ukubwa wa pakiti kwa kuongeza MTU = 1280 chini ya Interface pande zote mbili; baadhi ya mitandao ya simu hutupa pakiti kubwa bila kutoa taarifa.

Kubana faiwoli

Mambo yote yakiwa yanafanya kazi, rudi kwenye wf.msc na ufungue kanuni ya kuingia "Remote Desktop - User Mode (TCP-In)", kisha ile ya UDP. Hakikisha zinahusu aina zote za mtandao, halafu kwenye "Scope", upande wa anwani za mbali, andika 10.73.0.0/24, na 192.168.1.0/24 kama unataka kuingia pia ukiwa nyumbani. Waliotumia Tailscale au ZeroTier waandike masafa ya anwani ya huduma yao. Kuanzia hapo, hata mtu akikosea baadaye na kuelekeza 3389 kwenye ruta, kompyuta itazikataa pakiti za wageni. Kazi hii ifanye ukiwa umeketi mbele ya kompyuta yenyewe. Niliwahi kuifanya kwa mbali, nikakosea tarakimu moja, na skrini ikakatika papo hapo. Nilisubiri siku tatu hadi niliporudi.

Ongeza kikomo cha kubahatisha manenosiri kwa amri hii ya msimamizi, ambayo huifunga akaunti kwa muda baada ya makosa 10. Windows 11 za toleo la 22H2 na kuendelea huja na kikomo hicho zikisakinishwa upya.

net accounts /lockoutthreshold:10

Kabla ya safari

Ingia kwenye BIOS ya kompyuta, yaani mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuanza, na uiweke iwake yenyewe umeme unaporudi baada ya kukatika. Ikiwa BitLocker, mfumo wa Windows wa kusimba diski, inadai PIN kabla ya Windows kuanza, kompyuta itasimama hapo ikikungoja, kwa hiyo amua mapema kama utaiacha hivyo. Washa upya kompyuta mara moja bila kuingia kwenye akaunti yoyote, na ujaribu kuifikia kutoka nje. Handaki la WireGuard lililokuwa limewashwa hurudi lenyewe kama huduma ya Windows, lakini programu ya DNS inayojisasisha huenda ikasubiri mtu aingie. Ukihitaji kuiwasha upya ukiwa mbali, tumia shutdown /r /t 0, na uepuke kabisa kubofya kitufe cha kuzima, maana hakuna atakayeiwasha.

Usiunganishe kutoka kwenye kompyuta ya mtu mwingine. VPN hailindi chochote ikiwa kibodi unayoandikia inarekodiwa, na ukiruhusu diski za upande wako zionekane upande wa pili, virusi hupata njia ya kuvukia.

Mara mojamoja fungua "Event Viewer" kwenye kumbukumbu za usalama na utafute namba 4625, ambayo ni majaribio ya kuingia yaliyoshindwa, na 4624, ambayo ni yaliyofaulu. Katika zile za 4624, aina ya 10 ni ya eneokazi la mbali. Kwa mpangilio huu, anwani pekee zinazopaswa kuonekana kwa walioingia kutoka mbali ni za handaki na za ndani ya nyumba. Ukiona anwani ya umma, kuna poti iliyofunguliwa usiyoijua, na ukurasa wa ruta ndio wa kwanza kuukagua. Laptopu nayo ikipotea, ifute sehemu yake ya Peer kwenye kompyuta ya nyumbani na uhifadhi; kuanzia dakika hiyo, ufunguo uliomo ndani yake haufungui chochote.